Kufundisha Kile Kinachofichwa na Ukuta: Somo la Vishikizo kati ya Nguzo na Matofali

UTANGULIZI

Katika nyanda za juu za Kigoma, tangu Kibondo hadi Kasulu na vilima vya Muyama, nyumba ya nguzo, fito na udongo ingali makao ya watu wengi. Nyumba hii haifai kudharauliwa. Hujengwa kwa vifaa vinavyopatikana papo hapo, na ukuta wake mnene huzuia baridi ya usiku wa kiangazi. Lakini ina maadui wawili wasiochoka: mvua inayorusha matope na kuula ukuta kwa chini, na mchwa.

Mwenye nyumba akipata matofali ya kuchoma, mara nyingi haibomoi nyumba yake. Anaizungushia ukuta mpya kwa nje, wenye unene wa tofali moja lililolazwa kwa urefu, na nyumba ya zamani inabaki ndani ikiendelea kubeba paa. Katika makala haya kazi hiyo tutaiita kuvika nyumba. Si jambo geni duniani. Marekani nyumba nyingi za fremu ya mbao huvikwa matofali kwa namna iyo hiyo, na katika Uingereza ujenzi wa kuta mbili zenye uwazi katikati ulienea sana katika karne ya 20.

Kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje hubaki uwazi. Wenzetu wa nchi hizo wanaupima uwazi huo tangu kwenye mchoro. Huku kwetu unajileta wenyewe. Fundi hawezi kuchimba msingi mpya karibu mno na nguzo za zamani, kwani akifanya hivyo atazilegeza. Basi husogea nje. Tena nguzo zenyewe hazikunyooka. Matokeo yake, ukuta mmoja unaweza kuwa na uwazi wa sentimita 5 pembeni na sentimita 15 au 20 katikati. Ukuta wa nje ni mwembamba na mrefu, na hauwezi kusimama peke yake mbele ya upepo. Sharti ushikwe na nguzo zilizo ndani. Kitu kinachoushika tutakiita kishikizo.

Makusudi ya makala haya ni kuwashauri walimu wenzetu jinsi ya kulifundisha jambo hili, ambalo likishakwisha kujengwa halionekani tena.

KOSA LETU

Yafaa tueleze kwanza jinsi tulivyojifunza sisi wenyewe. Tulikuwa tumekwenda kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Katika kijiji kimoja cha vilima hivyo tulionyeshwa nyumba ya mwalimu iliyovikwa matofali na vijana ambao siku zilizopita walikuwa wanafunzi wetu. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha pamoja na upepo. Ukuta wa upande wa kipembe ulikuwa umelala chini wote, matofali yake yangali yameshikamana mstari kwa mstari, kama mkeka uliotandikwa. Ukuta wa fito ulikuwa umesimama, haukuguswa. Mwenye nyumba alituambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba watoto wake walizoea kukaa chini ya ukuta ule jioni wakichambua maharage.

Tulianza kuokota vishikizo. Vilikuwa vipande vya waya mwembamba vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo. Hatukukuta hata kimoja kilichokatika. Vingi vilikuwa vimepinda kama upinde, na misumari mingi ilikuwa imechomoka mizima mizima kutoka katika mti.

Tuliwauliza vijana wale walivyofanya. Mmoja wao akaleta daftari lake la chuoni. Mchoro ulikuwa ni ule ule tuliouchora sisi ubaoni: kuta mbili zilizonyooka, uwazi wa sentimita 5, na mstari mdogo ukizivuka, ulioandikwa “waya.” Kijana alikuwa ameutii mchoro wetu. Ila uwazi wa nyumba ile ulikuwa kama sentimita 18, na mchoro haukumwambia kwamba hilo lilibadili kila kitu.

Tangu siku hiyo tuliacha kulianza somo hili ubaoni.

SHABAHA ZA SOMO

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kazi mbili za kishikizo, yaani kuvuta na kusukuma;
(b) kuonyesha kwa jaribio kwamba waya mrefu ni dhaifu katika kusukuma;
(c) kukisia mzigo ambao upepo unakitwisha kila kishikizo;
(d) kujenga kishikizo kinachofaa uwazi mpana, na kukikagua kabla hakijafunikwa.

ZANA

Njiti mbili za gurudumu la baiskeli, ambazo mafundi huziita spoki. Koleo la kukatia. Mizani ya dukani yenye mshale, inayopima hadi kilo 20. Vibao viwili vidogo. Matofali hamsini hivi. Nguzo tatu fupi. Waya usioshika kutu wa milimita 3 au 4. Saruji kidogo, mchanga, mwiko, timazi na uzi. Zana hizi zote hupatikana katika soko la wilaya au kwa fundi wa baiskeli. Mwalimu asiyepata mizani asiliache somo. Ataona kwamba hata kiganja cha mkono hutofautisha.

HATUA YA KWANZA: MASWALI

Mwalimu asimamishe wanafunzi wawili wakitazamana, mikono imenyooka, viganja vimeshikana. Mmoja ni ukuta wa nguzo, wa pili ni ukuta wa matofali. Mwanafunzi wa tatu awe upepo. Kisha aulize:

Mwalimu: Upepo ukiupiga ukuta wa matofali kwa mbele, ukuta utataka kwenda wapi?
Wanafunzi: Ndani.
Mwalimu: Na mikono inafanya nini?
Wanafunzi: Inausukuma urudi.
Mwalimu: Na ule ukuta wa upande wa pili wa nyumba, ambao upepo haukuupiga?
Wanafunzi: Umetulia tu.

Hapa mwalimu asikubali haraka. Upepo upitapo juu na pembeni mwa nyumba hufyonza ukuta wa upande wa pili, na ukuta huo hutaka kutoka nje. Mwanafunzi aliyewahi kuona bati likinyanyuliwa na upepo, wala si kukandamizwa, atalielewa jambo hili mara moja. Hivyo kishikizo kina kazi mbili, na huenda kikazifanya zote katika usiku mmoja, kwani upepo hugeuka.

Kuna kosa la pili litakalojitokeza. Wanafunzi wengi watasema kwamba kishikizo hubeba uzito wa matofali. Sivyo. Uzito wote wa ukuta wa nje hubebwa na msingi wake wenyewe. Kishikizo kilichoachiwa kubeba uzito kitapinda msingi ukikaa chini kidogo, au nguzo ikididimia. Ndiyo sababu kinatakiwa kiwe imara kwenda ndani na nje, lakini kiweze kusogea kidogo juu na chini.

HATUA YA PILI: JARIBIO LA SPOKI

Kata spoki kipande cha sentimita 20 na kipande cha sentimita 10. Toboa kitundu kifupi katika kila kibao, ili ncha ya chuma isiteleze wala isimchome mtu kiganjani. Weka kibao kimoja juu ya mizani, simamisha kipande kirefu ndani ya kitundu, kisha mwanafunzi akikandamize kwa kibao cha pili polepole. Mwenzake asome mizani wakati chuma kinapoanza kupinda.

Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kwa hesabu, kipande cha sentimita 20 kitapinda kikifikia karibu kilo 4, na kile cha sentimita 10 karibu kilo 16. Namba za darasani hazitalingana sawasawa na hizi, kwa kuwa mkono hutikisika na chuma huenda kimepinda tangu mwanzo. Hilo lisimtie mwalimu wasiwasi. Jambo la kuonekana ni kwamba nusu ya urefu haikutoa nguvu maradufu tu, bali karibu mara nne.

Sasa wanafunzi washike kipande kile kile kirefu kwa koleo mbili na wajaribu kukikata kwa kuvuta. Hawataweza. Waandike wenyewe, kwa maneno yao, walichoona: waya mrefu ni hodari wa kuvuta na goigoi wa kusukuma. Sentensi hiyo ikitoka kwa mwanafunzi ina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo yetu.

Kanuni mbili ziandikwe ubaoni baada ya jaribio, wala si kabla yake. Kwanza, urefu ukizidishwa mara 2, nguvu ya kusukuma hupungua hadi robo. Pili, unene wa waya ukizidishwa mara 2, nguvu hiyo huongezeka mara 16. Kanuni hizi ni za waya mrefu na mwembamba. Waya mfupi sana hubonyea kabla ya kupinda.

HATUA YA TATU: HESABU YA UPEPO

Somo hili lafaa lishirikiane na hisabati. Msukumo wa upepo katika mita moja ya mraba, kwa nyutoni, ni karibu 0.6 mara mwendo wa upepo uliozidishwa kwa wenyewe, mwendo ukipimwa kwa mita kwa sekunde. Tuchukue dhoruba kali ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Tutapata nyutoni 540, sawa na uzito wa kilo 55 hivi katika kila mita ya mraba.

Kanuni ya siku nyingi ya Uingereza ni vishikizo viwili na nusu kwa kila mita ya mraba, yaani kimoja kila sentimita 90 kwa mlalo na sentimita 45 kwa wima. Tukigawa kilo 55 kwa 2.5 tunapata kilo 22 kwa kila kishikizo.

Sasa wanafunzi walinganishe. Waya wa milimita 3 uliovuka uwazi wa sentimita 10 unaweza, kwa hesabu, kusukuma karibu kilo 80 kabla ya kupinda. Uwazi ukiwa sentimita 20, waya ule ule unaweza karibu kilo 20 tu. Kilo 20 ni pungufu ya 22, na hapo tumedhani kwamba waya umenyooka kabisa, jambo ambalo halitokei kazini. Wanafunzi wakifika hapa huwa kimya kidogo. Wameona kwa kalamu zao wenyewe ukuta ukianguka.

Mwalimu aweza kuongeza kwamba kanuni za Marekani kwa miaka mingi zilimruhusu fundi kufuata vipimo vya kawaida mpaka uwazi wa karibu sentimita 11. Zaidi ya hapo, mhandisi alitakiwa kukokotoa. Uwazi mpana haukukatazwa, ila ulidai kufikiriwa upya.

HATUA YA NNE: KAZI YA MIKONO

Je, kijijini ambako hakuna mhandisi, tufanye nini? Njia tunayoifundisha ni kuzitenganisha kazi mbili. Kusukuma tunalipa tofali. Kuvuta tunaupa waya.

1. Simamisha nguzo tatu fupi, umbali wa sentimita 60 kati ya moja na nyingine. Jenga msingi wa matofali mbele yake, ukiacha uwazi wa sentimita 11 hivi.

2. Jenga mistari mitano au sita ya matofali kwa kufuata uzi na timazi. Mbele ya kila nguzo, laza tofali moja kwa kichwa, ili nusu yake iwe ndani ya ukuta na nusu ya pili ivuke uwazi na kuikaribia nguzo. Tofali hilo ndilo litakalosukuma. Halipindi kama waya.

3. Kati ya kichwa cha tofali na nguzo pachika kipande cha bati kuukuu, ili unyevu wa tofali usiingie katika mti. Tofali liguse, lisigandishwe kwenye nguzo.

4. Zungusha waya kwenye nguzo, usokote, kisha ncha zake mbili zilete mpaka katika kiungo cha matofali na kuzikunja kama ndoana. Ziingie katika kiungo si chini ya sentimita 5, na ziinamishwe kidogo kuelekea nje, maji yakishuka yasifuate waya kwenda ndani.

5. Kiungo chenye waya kijazwe udongo wa saruji na mchanga, hata kama viungo vingine ni vya udongo mtupu. Waya uliolazwa katika udongo mtupu huchomoka kama kisu katika ugali.

6. Rudia kila sentimita 60 kwa wima. Karibu na milango, madirisha na pembe za paa, vishikizo visogezwe pamoja zaidi.

Mwalimu aeleze sababu ya kuuzungusha waya badala ya kuupigilia msumari. Msumari uliopigwa katika mti mbichi hulegea mti ukikauka. Zaidi ya hayo, waya uliozungushwa huweza kuteleza kidogo juu na chini, kama tulivyosema katika hatua ya kwanza.

Ikiwa uwazi ni mpana kuliko nusu ya tofali, pigilia kwanza ubao mnene wa mlalo ukivuka nguzo kwa nje na kuufunga kwa waya, mpaka uso wa ubao ufikiwe na tofali. Ikiwa hata hivyo haufikiwi, jenga vitako vya matofali nyuma ya ukuta wa nje, vilivyofungamana nao mstari kwa mstari, ili ukuta upate unene wa kusimama.

MAMBO YASIYOSAHAULIKA

Uwazi usijazwe udongo. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanaimarisha ukuta. Udongo ule ukilowa hufura, huusukuma ukuta nje, na huwapa mchwa njia.

Yaachwe matundu madogo katika mstari wa chini wa matofali, yapate kutoa maji. Juu ya uwazi pazibwe kwa wavu au kwa tofali, panya na nyoka wasifanye makao.

Mchwa ndio hatari kubwa kuliko zote, maana baada ya kuvika hatuzioni tena nguzo kwa nje. Ukuta mzuri wa matofali waweza kushikwa na nguzo iliyoliwa, na hakuna ajuaye. Kwa hiyo katika kila upande yaachwe matofali mawili ya chini yasiyowekwa saruji, yaweze kutolewa kila mwaka kabla ya mvua za vuli na nguzo kukaguliwa.

Tena tusisahau kwamba tunakaa kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 katika Mkoa wa Kagera, jirani zetu wa kaskazini, liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Vishikizo peke yake haviifanyi nyumba kuwa salama na tetemeko. Lakini ukuta usioshikwa na chochote utaanguka hata kwa mtikisiko mdogo, na huanguka nje, upande wanakokimbilia watu.

UPIMAJI

Swali la “Taja kazi za kishikizo” lisitoshe. Sisi tunatumia vipimo viwili. Cha kwanza: mwanafunzi anapewa fimbo na kupelekwa kwenye nyumba halisi ya nguzo kijijini. Anapima uwazi utakaokuwapo katika sehemu tano tofauti, kisha anaamua kishikizo cha kila sehemu na kutetea uamuzi wake mbele ya wenzake. Nyumba halisi haina uwazi wa aina moja, na hapo ndipo tunapomtambua aliyekariri na aliyeelewa.

Cha pili: kila kundi hukagua kazi ya kundi jingine kabla ya kuendelea na mstari unaofuata. Mkaguzi huvuta kila waya kwa mkono, husukuma kila tofali la kichwa, na kuandika jina lake. Mstari haufunikwi mpaka jina limeandikwa. Mwanzoni wanafunzi waliona desturi hii ni usumbufu. Baadaye tuliwasikia wakiidai kutoka kwa mafundi wakubwa.

HITIMISHO

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya kufikiri, si mapumziko ya kufikiri. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zimeanza mkondo wa amali, na walimu wengi watajikuta wakifundisha ujenzi kwa mara ya kwanza. Twawaomba wasianzie ubaoni kama tulivyoanza sisi. Mchoro huonyesha nyumba ambayo mwalimu ameiwazia. Mwanafunzi atakwenda kujenga kwenye nyumba iliyopo.

Ukuta ukishakamilika, aliyeweka vishikizo kumi na aliyeweka viwili husifiwa sawasawa, kwa sababu macho ya wapitao huona matofali tu. Ni kabla ya mstari kufunikwa ndipo mwalimu anapoweza kusaidia. Ile nyumba iliyoanguka ilijengwa upya kiangazi kilichofuata, na vijana wale wale, kwa tofali za kichwa na waya wa kuzungusha. Sisi tulikwenda kuvuta nyaya, moja baada ya nyingine, na majina yetu tukayaandika pamoja na yao.